Mamajusi Walivyoleta Reli Mtaani

Kwetu Malaba, upande wa Uganda, Krismasi huisha mbwa akishapata mfupa wa mwisho wa kuku. Kuanzia tarehe 26 ni kuhesabu madeni, usiku wa kuamkia mwaka mpya ni kukesha kanisani tukiomba madeni hayo yafutwe, na tarehe 2 Januari tumesharudi kwenye malori na vumbi. Kwa hiyo Padre wetu mpya aliposimama na kutangaza kwamba Krismasi haijaisha, kwamba Epifania, sikukuu ya wale Mamajusi wa mashariki waliofuata nyota kwenda kumwona Mtoto Yesu, bado inakuja na msimu wenyewe hufungwa na sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mzee mmoja wa benchi la nyuma aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Fadha, na hela ya kuiendeleza tunaitoa wapi?"

Padre alikuwa ametoka masomoni Ujerumani, na alirudi na mambo. Huko, alisema, ikifika Epifania, tarehe 6 Januari, watoto huvaa kama wafalme, hubeba nyota juu ya fimbo, huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchangisha pesa za watoto wenzao wa nchi nyingine. Wana mpango wa nchi nzima wa jambo hilo tangu 1959.

"Kumbe ni sisi tuliokuwa tukichangishiwa," Mama Chapati akaninong'oneza. "Mbona hazijafika?"

Baada ya kuimba, watoto hao huchukua chaki iliyobarikiwa na kuandika juu ya mlango. Padre akatuonyesha kwenye ubao: 20+C+M+B+25. Namba ni mwaka uliokatwa katikati. Herufi ni majina wanayopewa hao Mamajusi: Kaspari, ambaye Wajerumani humwandika kwa C, halafu Melkiori na Baltazari. Na papo hapo ni maneno ya Kilatini, *Christus mansionem benedicat*, yaani Kristo aibariki nyumba hii. Hizo alama za kujumlisha ni misalaba. Alieleza vizuri sana, mtu asimsingizie. Shida ni kwamba walioelezwa ni waliokuwa kanisani, na milango ya nyumba hutazama barabarani.

Mimi ni fundi cherehani, basi mavazi ya wafalme yakaniangukia. Nilishona majoho kwa mapazia ya zamani ya nyumba ya mapadre, mataji tukakata katoni za mafuta ya kupikia na kuzifunika kwa karatasi za kung'aa. Kuchagua wafalme ndiko kulikokuwa na kazi. Padre, kwa uaminifu wake, alisema kwamba Injili ya Mathayo haitaji idadi ya Mamajusi, haiwaiti wafalme na haiwapi majina. Zilizotajwa ni zawadi tatu tu, dhahabu, uvumba na manemane. Asingesema. Wazazi ambao watoto wao hawakuchaguliwa walipata hoja hapo hapo: kama Biblia haikusema ni watatu, wangu anakosaje kuwa wa nne? Tukaishia na wafalme watano na malaika mmoja asiye na kazi.

Halafu Padre akaonyesha picha ya kanisa kuu la Cologne, ambako wanatunza sanduku la dhahabu lenye masalia ya hao Mamajusi, na akaeleza kwamba wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora Baltazari kama Mwafrika mweusi. Watoto wakatazamana. Mwanangu akanyoosha mkono. "Fadha, na hawa wengine tuwapake unga?"

Manemane hakuna aliyeyajua. Tulitumia mafuta ya karafuu.

Sasa nieleze mambo mengine matatu, kwa sababu bila hayo mtu atadhani watu wa Malaba ni wajinga, na sisi si wajinga.

La kwanza ni Katekista. Katekista wetu siku za kazi huendesha boda, na kwa jinsi malori yanavyopita hapa hatoki nyumbani bila ile reflekta yake ya rangi ya ndimu. Alibariki, aliimba, aliandika, yote akiwa ndani ya reflekta. Tena Padre, kwa kuona kwamba anapita mlango kwa mlango, akamwongezea kazi ya sensa ya parokia. Kwa hiyo alishika daftari kubwa na kuuliza kila mahali: mwenye nyumba ni nani, mnalala wangapi, mmeishi hapa miaka mingapi, kiwanja ni chenu au mmepanga?

La pili ni nyota. Tuliifunga kwenye mti wa bendera ya kona wa timu ya vijana, ule wenye mistari myekundu na myeupe. Nyota yenyewe ilianguka nyumba ya tatu, ikakanyagwa na pikipiki. Ukabaki mti. Mfalme mmoja akaendelea kuushika wima mbele ya kila nyumba, kwa heshima zote, Katekista akimwambia, "Sogea kushoto kidogo, unaziba mlango."

La tatu ni reli. Reli ya zamani ilifika Kampala mwaka 1931, babu zetu wakiiona inapita. Hii mpya, reli ya kisasa ya SGR, kilomita 273 kutoka hapa Malaba hadi Kampala, tumeisikia kwa miaka mingi. Novemba 2024 Rais alikuja Tororo kuzindua ujenzi wake, na tangu siku hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine. Kwenye malwa, pombe yetu ya kunywa kwa mrija, mzee alikuwa hachomoi mrija mdomoni ila kwa kusema neno moja: fidia. Nani atalipwa, kwa mita ngapi, na kwa nini shemeji yake fulani alilipwa kwa mwembe ambao haujawahi kuzaa.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile ya tarehe 5 Januari 2025, jioni, jua likizama nyuma ya mwamba wa Tororo: mtu mwenye reflekta na daftari, mti wa mistari, na alama za chaki kwenye milango. Wafalme wenyewe walikuwa wamevua mataji kwa sababu ya joto.

Asubuhi nilikuta watu kwenye kituo cha boda wamesimama mbele ya mlango wa Mama Chapati. Kijana mmoja anasoma. "Ishirini ni milioni. C ni cheki, M ni Malaba, B ni benki. Ile ishirini na tano ni tarehe ya kulipwa."

"Na hizo jumlisha?"

"Nyongeza. Kuna nyongeza."

Nikacheka, nikamgeukia Mama Chapati anisaidie kueleza. Alikuwa kavuta kiti mlangoni, kakaa, mikono imekunjwa, anatazamwa. Nikamwambia, dada, si ulikuwepo kanisani? Si tulikaa benchi moja?

"Nilikuwepo," akasema. "Kwani wewe unaamini kila unachoambiwa kanisani?"

Kufikia saa nne mtaa ulikuwa na vyama viwili. Chama cha fidia kilikuwa kikubwa. Chama kidogo kilisema B ni bomoa, na kiongozi wake alikuwa mama mwenye baa, ambaye alisugua mlango wake kwa sabuni, akaugeuza, akautundika upya ndani nje. Ambao hawakuandikiwa kabisa ndio waliokuwa na hasira. Walokole walisema Wakatoliki wamekula njama na serikali. Mtu wa duka, bila kusema neno, akaziweka chaki za shule mbele ya sukari, na bei ikapanda mara mbili.

Nikiwa bado najiuliza nicheke au nilie, simu ikalia. Baba wa watoto wangu, ambaye alikuwa Juba akitafuta maisha kwa bidii kiasi cha kusahau namba yangu, alitaka kujua tunaendeleaje. Watoto wazima? Cherehani inafanya kazi? Na ule mlango tuliopaka rangi ya bluu pamoja, bado upo? Nikamwambia upo, una rangi ile ile, na nikakata.

Ninapoishi ni vyumba sita vya safu moja, vya Hajji wa Mbale. Mkatoliki ni mimi peke yangu, kwa hiyo mlango ulioandikwa ni wangu peke yake. Hajji alifika kabla ya adhuhuri, na Hajji hafiki hapa ila mwisho wa mwezi. Nilipiga magoti kumsalimia, akanijibu huku akitazama juu ya kichwa changu.

"Binti yangu, hawa watu walipokuja, uliwaambia nyumba ni ya nani?"

"Hajji, hawakuwa watu wa reli. Walikuwa Mamajusi."

"Wa kampuni gani?"

Nikaeleza kuhusu Baltazari, nikaeleza Kilatini, nikamwita mwanangu avae joho. Hajji alisikiliza kwa adabu yake yote. Halafu akaniuliza iweje reli ipite kwenye chumba kimoja tu cha katikati bila kugusa vya kushoto na kulia. Hiyo treni inakuja ikiwa imesimama wima? Kwa hesabu yake, kosa lilikuwa la wapimaji, na wangerudi kulirekebisha. Cha msingi ni alama isifutike. Akatoa karatasi ya nailoni mfukoni, aliyokuja nayo kutoka Mbale, akaibandika kwa gundi juu ya maandishi, akarudi nyuma kuipima kwa macho.

"Usiwe unaugongesha mlango," akaniambia. "Chaki inadondoka. Ukiweza, watoto wapitie dirishani."

Wateja wangu walinikuta wiki hiyo nikiwapimia magauni kupitia dirishani.

Lakini haya yote ni madogo. Kubwa lilikuwa la Mzee Matofali.

Mzee Matofali anaishi nyuma yetu na anafyatua matofali. Kanisani haonekani ila mazishini. Kwake hakuna chaki iliyopita. Watu wakamwambia usijali, chaki si kitu, wanaolipwa vizuri ni wenye miche na wenye makaburi. Jirani yake alikuwa ameshapanda miche ya kahawa usiku kucha, imesongamana hata kuku hapiti. Mzee Matofali miche hakuwa nayo. Matofali alikuwa nayo. Akanunua mfuko mmoja wa saruji, akasubiri usiku, na alfajiri nyuma ya choo chake palikuwa na kaburi zuri kabisa, lenye msalaba, saruji bado mbichi.

Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba hapa kwetu hakuna mtu anayeliona kaburi jipya akaendelea na safari. Mwanamke wa kwanza kulipita alikuwa anaenda kisimani. Aliweka mtungi chini, akashika kichwa, akapiga yowe. Wa pili alilisikia yowe na kulijibu kabla hajajua ni la nani. Nusu saa baadaye kulikuwa na viti vya plastiki uani, moto umewashwa, na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, amekaa na kitabu cha rambirambi akiuliza jina la marehemu ili aandike.

Mzee Matofali alitoka chooni akakuta msiba.

Angeweza kusema ukweli, lakini watu walikuwa wameshaanza kuchanga, elfu mbili, elfu tano, na mwenyekiti kashika kalamu. Hapo nadhani alikumbuka ule wimbo wa watoto wetu, maana ulipigwa uchochoroni jioni nzima.

"Melkiori," akasema.

"Melkiori nani?"

"Melkiori tu. Alikuwa... alikuwa mgeni wangu. Alitoka mashariki."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani ya mihogo. Nilimtazama Katekista, Katekista akatazama viatu vyake. Kuna vicheko ambavyo mtu akivitoa msibani atapigwa. Nilitumbukiza muhogo wote mdomoni.

Adhuhuri dada yake alivuka mpaka kutoka upande wa Kenya na gari zima la jamaa, wakiimba kwa huzuni kuanzia barabarani. Alimkumbatia kaka yake, akalia, akamaliza, akajifuta, kisha akaanza kazi.

"Umemzika nani bila kutuambia?"

"Melkiori."

"Wa wapi?"

"Wa mashariki."

"Mashariki ndiko sisi tulikotoka sasa hivi. Mbona hatumjui?"

"Ni mbele zaidi ya kwenu."

"Alikuja kufanya nini?"

Mzee Matofali alitazama huku na huku, msaada haukutokea popote. "Alileta zawadi," akasema.

Jambo hilo liliwagusa watu sana. Kwamba mgeni alisafiri mbali hivyo akiwa na zawadi, akafia ugenini. Mama Chapati, ambaye M ya Melkiori ilikuwa juu ya mlango wake mwenyewe, alilia machozi ya kweli. Jamaa wa Kenya walisema hawawezi kuondoka siku hiyo hiyo, si heshima kwa mtu aliyetoka mbali. Mzee akachinja mbuzi. Kesho yake akachinja wa pili. Rambirambi ilinunua mchele.

Ilibidi mwenyekiti aitishe mkutano chini ya mwembe, Padre aje mwenyewe. Kufikia wakati huo milango ilikuwa imejaa maandishi ya mikono tofauti. Mmoja alikuwa na 50+C+M+B+25. Mwingine, ambaye hakuona sababu ya kujinyima, 200+C+M+B+25. Kwenye banda la nguruwe la jirani ya shule palikuwa na misalaba tu, tisa.

Padre alieleza tena kuanzia Mathayo. Akaeleza Ujerumani, akaeleza mwaka uliokatwa katikati. Alipofika kwenye *Christus mansionem benedicat*, mtu mmoja akasema, "Mnaona? Wameandika kwa lugha tusiyoijua." Kijana wa boda akauliza kwa upole: kama ni baraka tu, mbona mlikuwa mnauliza kiwanja ni cha nani? Padre akamgeukia Katekista. Katekista, bado na reflekta yake, akafungua daftari kuthibitisha ni sensa ya parokia, na kila mtu akasimama kuangalia kama jina lake limo.

Padre akachoka. Akasema nifuateni. Tukamfuata hadi nyumba ya mapadre, ambako mlangoni paliandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa seminari. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo. "Ni chaki," akasema. "Tazameni." Akafuta yote, kuanzia 20 hadi 25, mlango ukabaki unametameta.

Watu waliguna kwa pamoja.

"Fadha ameikataa fidia," akasema mmoja kwa sauti ya chini, kwa heshima kubwa.

"Ameikataa wapi?" akajibu mwenye baa. "Ameshalipwa."

Hapo Padre alikaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akavua miwani. Nadhani ndiyo siku alipohamia Malaba rasmi.

Tarehe 25 ilifika, haikuja na cheki wala tingatinga, na watu wakarudi kwenye mambo yao. Wako wanaoshikilia hadi leo kwamba njia ya reli ilikuwa ipite kwetu na ikapindishwa kwa sababu ya kile kitambaa. Miche ya kahawa ya jirani ilikauka karibu yote. Hajji aliiacha nailoni yake palepale, na Januari hii ya 2026 alimpigia Katekista simu mapema, akamwambia safari hii vyumba ni sita, asione haya, wote ni watoto wa Mungu.

Kaburi nalo lipo. Kulibomoa Mzee Matofali hawezi, dada yake huvuka mpaka kuja kulipalilia. Tena Katekista alishaliingiza kwenye daftari, na kilichoingia kwenye daftari la Katekista hakitoki. Novemba iliyopita, Siku ya Marehemu Wote, Padre alipita na maji ya baraka kaburi kwa kaburi, na mstari ukafika nyuma ya choo. Mzee alikuwa amewasha mshumaa, amevua kofia. Padre akainama kwenye orodha, akasoma jina, akanyamaza kidogo. Akaniangalia mimi, nikaangalia mwembe.

"Mzee wangu," akauliza polepole, "huyu marehemu alibatizwa?"

"Sijui, Fadha," akasema Mzee Matofali, akijifuta jicho. "Lakini alimwona Mtoto."